Kura ya Zuwena na Chumba cha Bi Rukia

Hapana, hapo sikubali. Sema yote, lakini usiseme mtoto hakuwa na kura. Mtoto alikuwa na kura, imo kwenye katiba ya chama, kifungu cha kumi na moja, na alokiandika ni mie. Sasa weye uliyezaliwa juzi, unakaa barazani na simu mkononi unanambia "hayo mambo ya kitoto", nakuuliza: ushawahi kuendesha mkutano hata mmoja? Hata wa kupanga zamu za kufagia uchochoro? Basi nyamaza kidogo nkusimulie. Na nyie wengine sogeeni, nnawaona mnavocheka pembeni.

Nnajua kinachowachekesha. Nkisema nshastaafu mnatafuta mvi kidevuni kwangu. Ndiyo, nna miaka thelathini na tatu. Lakini watu wengine wanastaafu kwa umri, mie nimestaafu kwa mikutano. Mkutano mmoja wa chama cha muziki hapa Unguja unakuzeesha kuliko mwaka mzima wa kubeba magunia bandarini, na nnasema hivo kwa sababu nimevifanya vyote viwili.

Chama chenyewe ni cha taarab ya zamani, ala zake fidla na kanuni na udi na akodiani. Nyumba yake iko Mji Mkongwe, uchochoro wa nyuma ya Kiponda. Chini ni ukumbi, wakubwa wanafanya mazoezi. Juu kuna chumba kimoja kirefu chenye madirisha, na humo ndo Bi Rukia alikuwa akifundisha watoto tangu mie sijazaliwa.

Huyo Bi Rukia nataka mumjue vizuri, maana mtu akimgusa yeye mie sisikii la mtu. Ni mwalimu wa fidla. Mfupi, mkali, magoti mabovu, nyumba yake ya pili kutoka pale chamani. Nlikutana naye nna miaka kumi na saba. Skuli nshaacha kidato cha pili, bandarini nshafukuzwa kwa kupigana na msimamizi, na siku hiyo nlikuwa napita uchochoroni nnagombana na mtu kwenye simu, kwa sauti khasa. Dirisha la juu likafunguliwa. Akachungulia, akasema, "Weye kijana. Sauti unayo, tuni huna. Panda huku."

Nkapanda. Akanipa fidla. Miaka miwili nliitesa ile fidla, naye anavumilia, mpaka siku moja akaniondolea mkononi pole pole kama unavompokonya mtoto kisu. "Makame, mwanangu," akanambia, "chombo hiki hakijakukosea kitu. Kiache. Shika kalamu." Ndo nkawa katibu.

Wengine wamesomea utawala chuo kikuu Tunguu. Mie nimesomea kwenye mashine ya fotokopi. Nlikuwa nafanya kazi duka moja mtaa wa Ng'ambo, watu wanaleta katiba za vyama vyao tuwatolee nakala: wakulima wa mwani, wenye vyombo vya uvuvi, vyama vya kuzikana. Kila karatasi inayopita naisoma ikiwa bado ya moto. Bi Rukia aliponambia chama chetu hakina katiba, nkaitunga kwa vipande. Kifungu cha mali nlikitoa kwa wavuvi. Ndo maana mpaka leo katiba ya chama cha taarab inakataza mwanachama kuuza nanga bila idhini.

Na kifungu cha watoto nlikitoa chama cha kuzikana. Kilisema hivi: mwanachama mdogo ana kura moja, na kura yake itapigwa na mzazi au mlezi wake. Kule kwao hakikuwahi kuleta tabu, kwa sababu ajenda yao ni moja na hakuna anayeipinga. Bi Rukia alikipenda. "Mtoto akiwa mgeni, siku yoyote ataambiwa atoke," akasema. "Mtie ndani, awe mwanachama kama wao." Nkamtia. Wote, mpaka wale wadogo ambao fidla bado inawazidi.

Kwa miaka hakuna aliyekiona hicho kifungu. Na sababu yake nyie hamuijui, kwa hiyo sikilizeni. Vyama vyetu havipigi kura. Mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Watu wanasema, "Inshallah." Kazi ya katibu ni kuipima ile inshallah kwa sikio. Ikiwa fupi, wamekubali. Ikivutwa, basi hata kiti hakitanyanyuliwa. Halafu mwenyekiti anasema, "Alfatiha", watu wananyanyua mikono, wanasoma, wanajipangusa uso, kwisha. Baada ya Fatiha hakuna mjadala. Mwenye hoja arudi nayo kwake akalale nayo.

Bwana Seif, mwenyekiti wetu, alikuwa bingwa wa jambo hilo. Ni mstaafu wa forodha, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na mpiga akodiani. Simsengenyi, nshamwambia usoni: akodiani yake inahema kuliko inavolia. Lakini kwenye kiti cha mbele ni hodari. Akimuona mtu anakohoa ili aanze kupinga, yeye keshasema Alfatiha. Uko mkutano mmoja ulifungwa mara tatu, kila upande unasoma Fatiha ya kumnyamazisha mwenziwe. Siku hiyo tulipata thawabu, uamuzi hatukupata.

Na saa ya mkutano, hili liwekeni akilini, weka baada ya Alasiri. Wakiropoka vipi, Magharibi itawanyanyua. Ukijidai kuweka baada ya Isha, basi umewapa usiku kucha, hakuna adhana ya kuwatoa mpaka Alfajiri, na watakaa. Chakula nacho usikitoe kabla. Mimi nlitoa haluwa na kahawa mwanzoni mwa mkutano mmoja, wakakubali ajenda zote kabla sijazisoma, na kesho yake kila mtu anasema alilazimishwa.

Tulijaribu pia kwenda na wakati. Tukapiga kura kwenye grupu la WhatsApp: sare mpya iwe kijani au iwe zambarau. Mzee Faki, mpiga ngoma yetu ya dumbaki, mtu wa Tumbatu, akajibu kwa picha ya waridi imeandikwa Ijumaa Njema. Bwana Seif akanipigia.

"Hiyo ni kijani," akasema. "Waridi lina majani."

"Waridi jekundu, Bwana Seif."

"Jekundu halimo kwenye ajenda, kijana. Linalobaki ni majani."

Tukabishana mpaka chaji ikaniishia. Sare yetu mpaka leo nyeupe.

Sasa nije kwenye kisa. Bwana Seif alitaka televisheni. Alikwenda kwa mtu, akaiona imetundikwa ukutani pana kama mlango, akarudi na wazo: chumba cha juu kiwe cha mapumziko ya wakubwa. Makochi, feni, mpira wa Ulaya. Na watoto? Watoto waende Tunguu, shamba huko. Mjomba wake ana kiwanja kule, kuna banda la bati, uwanja mpana, hewa safi.

Bi Rukia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na mie Tunguu nifike kwa magoti ya nani?"

"Mabasi yapo, Bi Rukia."

"Basi linanibeba nkishakuwa ndani. Kupanda na kushuka ni kazi yangu."

Mmeona lilivyo? Wakihama watoto, Bi Rukia hana pa kufundishia. Mwanamke keshazeeka mle chumbani, ndo uhai wake ule. Mie moto ukanipanda mpaka masikioni. Nkamtazama Bwana Seif, namuona anavuta pumzi. Nnaijua pumzi ile, ni ya Fatiha. Nkamuwahi.

"Naomba kura," nkasema.

"Kura gani?"

"Ya katiba. Kifungu cha kumi na moja. Watoto wote ni wanachama, wazazi wao waje wawapigie."

Nlikuwa nimeshapiga hisabu. Wakubwa peke yao, Bwana Seif anashinda bila ya kunyanyuka. Nani hataki kochi? Lakini watoto wamewazidi wakubwa kwa wingi, na mzazi gani wa mjini atataka mwanawe akajifunze udi Tunguu? Nlijiona mjanja. Usiku nlilala nnacheka.

Na hapo ndo palipokuwa na kosa, tena ni kosa ambalo lingetokea kwetu hapa tu. Kwenye karatasi imeandikwa "mzazi au mlezi wake", kana kwamba mtoto ana mmoja. Nitajieni mtoto wa Unguja mwenye mtu mmoja. Ana baba, ana mama, ana bibi aliyemlea, ana mama mdogo anayekaa naye ili awe karibu na skuli, ana mwalimu wa chuoni anayemsomesha Kurani na kumchapa kama wake, ana jirani anayemlisha. Nlipowaita wazazi, walikuja wote. Ukumbi wa chini ukajaa, wakubwa wenye chama chao wakasimama nje uchochoroni wanachungulia dirishani.

Nkaanza na Zuwena. Zuwena ni mtoto wa kike wa miaka kumi, binti wa yule Mzee Faki wa dumbaki. Anapiga besi, ile fidla kubwa inayosimama chini, kubwa kuliko yeye. Anapanda juu ya kreti la soda ndo anazifikia nyuzi. Nkasema, "Mzazi wa Zuwena asimame."

Wakasimama watu watano.

Mzee Faki akaanza. "Mtoto ana jina langu. Zuwena Faki. Faki ndo mie, sioni la kuuliza."

Mama yake Zuwena, ambaye waliachana zamani, hata hakumgeukia. "Jina umempa," akasema. "Viatu?"

"Nyote nyamazeni," akasema bibi yake mzaa mama, ambaye ndo anakaa naye Ng'ambo. "Nyie mnamjua siku ya sikukuu, keshaoshwa, kavaa. Mie ndo nnayemjua akiwa na homa."

Wa nne alikuwa Bi Salma, jirani. Nkamuuliza yeye ni nani kwa mtoto.

"Nimemnyonyesha," akasema. "Mamake alipokuwa anaumwa, kanyonya kwangu mpaka kaota meno. Hawezi kuolewa na mwanangu, sheria imekataa. Sasa mtoto ananizuilia harusi halafu kura asinipe?"

Ukumbi mzima ukasema kweli hiyo. Nkamgeukia wa tano, mwanamme mwenye kofia mpya, simjui.

"Na weye, bwana?"

"Mie nimekuja na Mzee Faki," akasema. "Nlidhani ni posa. Nimeona wanasimama, nikasimama."

"Kaa kitako."

"Nshasimama, Katibu. Nisikilize tu kidogo."

Bwana Seif akagonga meza. Mtoto mmoja, kura moja, akasema. Kila familia ikakubaliane kwanza nani atapiga. Basi familia zikagawana pembe za ukumbi, kila pembe ikaanza uchaguzi wake. Mmoja ananiomba karatasi, mwengine ananiomba msimamizi asiye na upande, kuna familia imeshatoa mwenyekiti na mwenyekiti wao keshapinduliwa. Familia moja ikamaliza kwa Fatiha. Nyengine walikumbuka shamba la marehemu babu yao, wakaliacha suala la mtoto kabisa.

Nkaenda pembe ya Zuwena. Wawili kwa wawili. Mama na bibi wanataka chumba kibaki. Mzee Faki anataka kochi. Bi Salma naye yuko upande wa kochi, nkashangaa.

"Bi Salma, mtoto aende Tunguu?"

"Sina habari ya Tunguu," akasema. "Nnataka mume wangu akaangalie mpira kwengine."

Yule bwana wa kofia akajitolea awe wa kuamua. Akasema yeye hamjui mtoto, hajui chumba na hajui Tunguu, kwa hiyo hapo hakuna muadilifu kumshinda. Na wallahi walianza kumfikiria. Mzee Faki alikuwa anamwambia bibi, "Huyu bwana ni mcha Mungu," na bibi anauliza, "Ameoa?"

Hapo nlipandwa na hasira. Nkapanda juu ya kiti. Nkasema, "Familia isiyopatana, aulizwe mtoto mwenyewe nani ampigie."

Bwana Seif akacheka kidogo. "Kijana, fikiri. Mtoto akichagua nani ampigie, na kila mmoja kishasema atapiga wapi, basi mtoto keshapiga kura. Mzazi wa nini?"

Alisema kweli, na ndo kilichoniudhi zaidi. Nkamuita Zuwena. Akaja na kreti lake, akapanda juu.

"Zuwena, nani akupigie kura?"

Akawatazama mmoja mmoja. "Nkimchagua baba, bibi hasemi na mie. Nkimchagua bibi, mama analia. Nkimchagua mama, baba atasema nimefunzwa." Akafikiri. "Nipige mwenyewe, wanune wote sawasawa."

Nkasema basi ndo hivo, naamua mie kama katibu: familia isiyopatana, mtoto anapiga mwenyewe. Sijamaliza sentensi, Hamad kanyoosha mkono. Hamad mpiga kanuni, miaka kumi na tatu, mjuaji, hata akikuamkia unahisi amekurekebisha.

"Kwa hiyo, Katibu, sisi wenye wazee wanaopatana ndo tunaoonewa?"

Kabla sijamjibu, watoto wakatawanyika kwenye pembe. Huyu anamwambia baba yake alichosema mama yake juzi, yule anamkumbusha bibi yake kuhusu mkufu. Kufumba na kufumbua hakuna familia inayopatana mle ndani, hata wale wa Fatiha wamegombana. Nkasema watoto wote wapige wenyewe. Wazazi walikuwa wamechoka, wengine walikuwa wanalia kwa mambo yao, wakakubali.

Nkamtazama Bi Rukia. Kakaa kwenye kiti chini ya ngazi, fidla mapajani. Nkamuonyesha kwa jicho kwamba tumeshashinda. Watoto wake hawa. Kila mmoja kamshika mkono, kamfunza nyuzi, kamfuta kamasi. Nlikuwa na raha, nataka niwambie ukweli, raha ya mtu anayeona goli liko tupu.

"Wanaotaka chumba cha juu kibaki kwa Bi Rukia," nkasema, "wasimame upande wa ngazi. Wanaotaka Tunguu, upande wa mlango. Wakubwa na wadogo. Haya."

Watoto wakaenda mlangoni mbio, wote kwa pamoja. Nkadhani wamechoka wanatoka kwenda kucheza.

"Rudini," nkawaambia, "kura bado."

"Ndo kura yenyewe hii," akasema Zuwena.

Upande wa ngazi akabaki Bi Rukia, wanawake wawili watatu wa korasi, na mtoto mmoja wa dumbaki ambaye alikuwa kalala. Hata Hamad alikwenda mlangoni. Mie mdomo ulikuwa wazi. Nkamfuata Zuwena.

"Unajua Tunguu ni wapi weye?"

"Njia ya Jozani. Kuna kima wekundu."

"Kima wako Jozani. Tunguu hakuna kima."

"Wanaweza kuja," akasema mtoto mwengine nyuma yake.

"Kwa ajili ya kima mnamuacha mwalimu wenu?"

Zuwena akanitazama kama nnayemchelewesha. "Na ngazi," akasema. "Besi naipandisha mie kila siku. Naishusha mie. Nshaanguka nayo mara ngapi. Ulishawahi kunishikia?"

Kwa kweli sikuwahi. Na wala hakuna mkubwa yeyote aliyewahi, chama kizima.

Sasa mngetegemea Bwana Seif afurahi. Kapata kila alichotaka: chumba, kochi, watoto Tunguu. Lakini nlipogeuka nlimuona kavua kofia, anajipepea. Alikuwa anawatazama wale watoto mlangoni, anawahisabu kwa midomo. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Kura hii batili," akasema.

"Umeshinda, Bwana Seif."

"Sijashinda mie. Wameshinda wao." Akainama, sauti ya chini. "Huoni? Leo wamechagua Tunguu. Kesho watachagua mwenyekiti. Mie nna akodiani tu, kijana. Wao wana wingi."

Mzee Faki akaja, wakubwa wa nje wakaingia, wakazunguka meza. Hakuna hata mmoja aliyetaja televisheni tena. Bwana Seif akasema kwa sauti ya mkutano, taratibu, anachagua maneno: watoto ni watoto, walikuja kwa mapenzi tu, kura zao zifutwe, na kwa heshima ya Bi Rukia chumba cha juu kibaki kwake kama zamani. Maisha. Televisheni yeye anaisamehe.

"Tumekubaliana?" akauliza.

"Inshallah." Fupi. Sijawahi kusikia fupi kama ile.

"Andika, Katibu."

Mnaelewa nlipokuwa? Chumba cha Bi Rukia kile. Ndo nlichokuwa nakipigania, ndo nlichoitishia kura, na nnaletewa mkononi, kimefungwa, na anayenipa ni Bwana Seif mwenyewe. Kazi yangu kuandika neno "zimefutwa". Watoto wako mlangoni wananitazama. Mtoto akikutazama hivyo anajua kabisa nini kinafanyika.

Nkanyanyuka nkaenda kwa Bi Rukia, nkachutama mbele ya kiti chake.

"Mwalimu, nkiandika neno moja tu, chumba chako."

"Nimesikia. Magoti ndo mabovu, masikio mazima."

"Nandike?"

Alikuwa anairudisha fidla kwenye sanduku lake. Akafunga kufuli moja, akafunga ya pili. "Unaniuliza mie?" akasema. "Mwenye chumba ndo unamuuliza?"

"Sasa nimuulize nani?"

"Makame. Kura uliwapa, au uliwaazima?"

Nkarudi mezani. Nkasema, "Kura zinasimama. Watoto wamechagua Tunguu." Bwana Seif akavuta pumzi, ile pumzi yake, kwa ajili ya kunifunga mdomo. Nkamuwahi. Nkasema mie, "Alfatiha."

Mikono yote ikanyanyuka. Ya Mzee Faki, ya Bi Salma, ya yule bwana wa kofia. Bwana Seif mwenyewe akanyanyua yake. Angefanya nini, Fatiha imeshaanza. Tukasoma, tukajipangusa, na adhana ya Magharibi ikaanza juu yetu.

Tangu siku ile wakubwa wamejaribu kukibadilisha kifungu cha kumi na moja. Lakini kubadilisha katiba kunataka kura za wanachama, na wanachama wengi ni watoto, na watoto wakauliza watapewa nini. Mazungumzo yanaendelea. Ukatibu nkauacha mkutano uliofuata, na katibu wa sasa ni Hamad. Anaanzisha vikao kwa dakika ile ile aloitangaza, wazee wanafika mlango umefungwa, na muhtasari anawasomea taratibu kama anayewafunza. Bwana Seif ana televisheni yake kule juu. Mume wa Bi Salma hatoki mle.

Watoto wanakwenda Tunguu Jumamosi. Banda halina ngazi, Zuwena anapiga besi kwenye uwanja, nanyi mkipita njia ya kusini mtaisikia. Kima hajaja hata mmoja.

Bi Rukia alikwenda mwanzo. Nlimpeleka mwenyewe, nnamshika mkono kupanda, nnamshika kushuka. Halafu Jumamosi moja akasema magoti leo hayataki. Nyengine tena. Siku hizi wanafundishwa na Hamad na mmoja wa wanawake wa korasi, na fidla zinakoroma, hakuna wa kuwavuta masikio. Jioni nkipita uchochoroni namuona dirishani kwake, dirisha la chini, si lile la juu. Namwambia, "Shikamoo, Mwalimu." Ananijibu, "Marahaba, Katibu." Wala si katibu tena mie, anajua. Miaka yote akiniita Makame, mwanangu. Sijui kama ile ni heshima au ni hasira, na mie niliyepigana na msimamizi bandarini sina ubavu wa kumuuliza.

Basi weye uloniambia mambo ya kitoto, weka simu chini unijibu. Kalamu iko mkononi mwako, Bi Rukia kakaa mbele yako, na watoto wako mlangoni wanakutazama. Unafuta, au hufuti?